Chenso zinafanana rangi tu, ndani ni mashine mbili tofauti

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nijibu kitu ambacho huku Mafinga nakisikia karibu kila siku, dukani, gereji, mpaka kwenye vijiwe vya kahawa, kwamba chenso, hii misumeno ya injini ya kukatia miti, ni chenso tu, ukinunua ile ya bei kubwa unalipia jina na stika, ndani vyuma ni vilevile vimetoka kiwanda kimoja. Sio kweli, na inawatia watu hasara, na hasara yenyewe inawakuta walewale ambao hawana hela ya kununua mara mbili.

Mimi ni fundi wa hizi mashine ndogo za injini, chenso, za kufyekea majani, za kupulizia dawa, kwa hiyo siongei ya kusimuliwa, naongea ninachokiona mashine ikiwa mezani imefunguliwa.

Kwa wasiopajua huku, wilaya ya Mufindi ndo kuna Sao Hill, shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini, na ukiacha Sao Hill kuna mashamba ya watu binafsi ya misindano na mikaratusi kila kilima mpaka unaingia Njombe. Penye mti wa kuvunwa pana chenso, mti ukishalala unakatwa magogo yanaenda kwenye dingdong kupasuliwa mbao, dingdong ikikosa magogo vijana wote wanakaa. Yaani chenso ikinoki saa nne asubuhi hata mama anayeuza chakula site anajua siku imeharibika.

Sasa mteja akiingia dukani anaangaliaga nini? Anaangalia rangi, anainyanyua kidogo, anauliza hii cc ngapi, anauliza bei, basi anaondoka nayo. Tuanze na hizo cc, yaani ujazo wa silinda, maana hapo ndo watu wanapigwa mapema kabisa. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni sio lazima iwe cc, ni jina la modeli tu, mtu ameamua kuiita hivyo. Ukitaka ukweli pima upana wa silinda na mwendo wa pistoni kutoka chini mpaka juu halafu piga hesabu ya mcheduara ile tuliyofundishwa shule. Silinda ya milimita 45 na mwendo wa milimita 32 inakupa kama cc 51, hata stika iseme 58 au 62 hizo zingine hazipo, haziko popote humo ndani. Chukua Stihl MS 381 ambayo huku wengi wanaijua, upana milimita 52, mwendo 34, ukipiga unapata 72.2, na ndo hiyohiyo imeandikwa kwenye kitabu chake. Kitabu na chuma vinasema kitu kimoja. Mimi hapo tu nishapata picha ya mtengenezaji.

Halafu cc peke yake haisemi kitu kuhusu ubora. Watu wanasahau hii injini inafanyishwa kazi gani. Boxer ya bodaboda ni stroku nne, inawaka mara moja kwenye mizunguko miwili na ina oili yake chini muda wote. Chenso ni stroku mbili, inawaka kila mzunguko. Ikiwa inakata kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika hiyo ni milipuko 150 kila sekunde, na oili pekee inayopata ni ile uliyochanganya kwenye petroli, mililita 20 kwa lita moja kama unachanganya moja kwa hamsini. Mililita 20! Hiyo ndo inalainisha beringi za krenki, yaani ule mhimili unaozungushwa na pistoni, pistoni, ringi, kila kitu. Kwa hiyo injini ya hivi haina nafasi ya uzembe, kitu kikikaa vibaya kidogo hakisubiri wiki ijayo.

Hapa ndo naomba nikae kidogo maana ndo penyewe. Chenso ya kazi, hizi wanazotumia wavunaji wanaolipwa kwa mti, krenkesi yake, yaani lile bodi linaloshika krenki na beringi zake, ni magnesiamu iliyomiminwa kwa presha, vipande viwili, kushoto na kulia, vinabana katikati. Magnesiamu ni nyepesi kuliko alumini kwa kama theluthi moja na inavumilia joto, na lile bodi lenyewe ndo linabeba pia bolti za baa, lile bapa refu ambalo cheni inazunguka juu yake, kwa hiyo krenki, klachi na baa vyote vimekaa kwenye kipande kimoja cha chuma havihami. Silinda inakaa juu kwa bolti nne, unaweza kuitoa ukabadilisha pistoni bila kugusa krenki. Imetengenezwa na mtu aliyejua siku moja itafunguliwa.

Hizi zingine injini ni kama kombe la vipande viwili hivi, silinda juu, kifuniko chini, krenki imebanwa katikati yao, halafu kila kitu kimewekwa ndani ya bodi la plastiki na bolti zimeingia kwenye plastiki. Ikiwa mpya inanguruma vizuri tu, hata mimi ukinipa dukani nitakuambia inawaka safi. Sasa ifanyishe kazi jua la saa saba. Plastiki inapata joto, inalegea, bolti zinaanza kucheza, injini inaanza kutingishika ndani ya nyumba yake, pale krenki inapotokea nje kuna oili sili, ile sili inaanza kuvutwa huku na huku mpaka inavuja. Na kwenye stroku mbili sili ikivuja sio oili inatoka, ni hewa inaingia. Hewa ikiingia mchanganyiko unakuwa mwepesi, petroli kidogo hewa nyingi, petroli ikipungua oili nayo imepungua maana ziko pamoja, joto linapanda, mashine inapiga resi yenyewe kwa ukali mzuuri mpaka mwenye mashine anafurahi anasema leo imechangamka, dakika kumi mbele pistoni imechanika upande wa ekzosi na injini imenoki. Mteja ananiletea anasema fundi nilikosea oili. Ukifungua unaona hakukosea oili, ni bolti iliyolegea kwenye plastiki ndo imeua pistoni, lakini utamwambia nini na duka limeshamwambia ukweli mwingine.

Silinda nayo. Ya kazi ni alumini ndani imepakwa nikeli yenye chembechembe za silikoni kabaidi, huu mpako jina lake maarufu ni Nikasil, uliletwa na kampuni ya Mahle ya Ujerumani mwaka 1967. Ni mgumu sana na unashika oili. Lakini kizuri cha silinda sio mpako peke yake, ni zile kingo za matundu, tundu la kutolea moshi na ya kupitishia mchanganyiko. Ringi inapita juu ya matundu hayo kwenda na kurudi kila mzunguko. Kiwanda makini kinalainisha kingo zote, ukipitisha kidole hausikii kitu. Silinda za kopi ukipitisha kidole unarudi na kidonda. Ringi ikinasa hapo inavunjika, kipande kinazunguka humo kinachuna mpako wote na hapo hakuna cha kuokoa. Nawaambia wanaonunua silinda za kubadilishia, kabla hujalipa ingiza kidole, usione aibu kwa muuzaji.

Sasa isije ikaonekana namsema Mchina. Hapana. Stihl wenyewe, Wajerumani tangu 1926, wana kiwanda Qingdao huko China, na silinda nyingi zao zinatoka Brazil, cheni zao zinatengenezwa Uswisi. Mchina anakutengenezea unachomlipia. Mwagizaji wa kwetu akienda na bei ya kutupa anapewa mashine ya kutupa, halafu akifika Kariakoo anaibandika rangi ya chungwa na nyeupe ili ufikirie ni kitu kingine. Hapo tatizo ni nani?

Na upande wa pili pia kuna watu wanaumia wakiwa na mashine OG kabisa. Hizi kampuni kubwa zinatengeneza madaraja. MS 170 au 180 za Stihl ni mashine halali, orijino, ya mwenye nyumba wa kukata kuni na matawi, injini cc 30 na kidogo. Mtu anaona jina lilelile kwa bei ndogo anachukua, anaenda nayo kuangusha misindano kutwa nzima, ni kama kwenda kulima na viatu vya kanisani. Husqvarna nao zile za kazi wanazitia alama ya XP, zingine ni za nyumbani na za shamba. Wauzaji wanalijua hili vizuri lakini hawaliongei, unamuuliza hii inafaa kuvuna anakujibu hii ni Mjerumani mzee. Mwenye shamba la ekari mbili anayetaka kupunguzia matawi na kukata kuni za nyumbani hana haja ya kununua mashine ya mvunaji, huyo hata hiyo ndogo inamtosha miaka mingi, na mimi simwambii atumie hela zake vibaya. Ninachosema aambiwe.

Kuna kitu kingine huku nyanda za juu ambacho sijaona kimeandikwa popote kwenye magazeti yetu. Mafinga iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa imepungua karibu asilimia 20 ukilinganisha na Dar. Mashine imejaribiwa Dar ikapandishwa huku, inatoa moshi, plagi nyeusi, haina nguvu, kwa sababu petroli ni ileile lakini hewa imepungua. Fundi anageuza kidogo skrubu ya H, ile ya kabureta inayopunguza au kuongeza petroli kwenye resi, inakaa sawa. Vizuri. Msimu ukiisha jamaa anaibeba hiyohiyo anateremka Kilombero kwenye mitiki, kule ni chini, hewa nzito, na skrubu bado iko kwenye mipangilio ya Mafinga. Mchanganyiko mwepesi, joto la Ifakara, mti mgumu. Inarudi kwangu imekufa. Mashine za kazi za sasa hivi, zile zenye M-Tronic kwa Stihl au AutoTune kwa Husqvarna, zinajirekebisha zenyewe kwa kompyuta ndogo humo ndani, unapanda unashuka haina habari. Za zamani nzuri hazina hiyo lakini zina skrubu inayogusika na inayotulia pale ulipoiweka. Hizi za kopi unaiweka asubuhi, mchana mtikisiko umeshaizungusha. Ushauri wa bure, ukihama mwinuko mwone fundi kwanza, na kama unashuka na huna fundi basi fungua H kidogo, bora itoe moshi.

Kuhusu oili nitapita haraka. Kama sio oili ya kampuni yenyewe, kitabu cha Stihl kinasema uchanganye moja kwa ishirini na tano, yaani mililita 40 kwa lita, sio 20. Na oili ya gari iliyotumika msitie kwenye tangi la oili ya cheni, ina chembe za chuma, inakula baa na pampu, mnaokoa buku mnapoteza baa.

Cheni zenyewe ni somo zima. Meno tunayotumia leo yana historia tamu kidogo, kuna mkata miti wa Marekani, Joseph Cox, alikuwa anapata shida na cheni za zamani zenye meno ya msumeno wa kawaida, mwaka 1946 akaona funza wa mende wa mbao anakula gogo kushoto na kulia bila shida, akaiga ile midomo yake, mwaka uliofuata akaanza kuuza, na kampuni iliyotokana na hapo ndo Oregon ambayo mnaiona kwenye maboksi. Tangu hapo umbo halijabadilika sana, kilichobaki ni ubora wa chuma. Cheni nzuri ya 3/8, hicho ni kipimo cha cheni kwa inchi, unainoa kwa tupa ya milimita 5.2, nyuzi 30, misukumo miwili mitatu kila jino na unaendelea. Cheni mbovu jino moja linalika kama siagi la pili linateleza, unanoa kutwa, na inarefuka mpaka unamaliza kukaza. Tena cheni feki inaua spoketi, spoketi inaua cheni nyingine mpya, mnajikuta mnazunguka hapohapo.

Mhariri, sijagusa usalama na hapa sitaki utani. Cheni inakimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Ncha ya baa upande wa juu ikigusa gogo lingine, baa inaruka kurudi usoni kwako na hakuna mwanadamu mwenye mkono wa kuwahi. Ndo maana tangu miaka ya 1970 mashine za kazi zina breki ya cheni ambayo inafunga yenyewe kwa ule mshtuko, sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwenye mashine za ovyo ile kinga ya mkono ni plastiki nyembamba, inavunjika, kijana anaitupa na kazi inaendelea. Nyingine kinga ipo lakini utepe wa breki ndani hauna nguvu, sukuma kinga mashine ikiwa kwenye resi uone, cheni inapaswa kusimama palepale, kama inaendelea kuzunguka hata kidogo hiyo rudisha dukani, usiende nayo msituni. Mtikisiko ndo unaosahaulika kabisa kwa sababu haukuui leo. Mashine za kazi zimetenganisha injini na mishikio kwa mpira au springi za chuma tangu miaka ya 1960. Bila hiyo damu inaacha kufika vidoleni, vinakuwa vyeupe, ganzi, na baridi la Mufindi la mwezi wa saba linamaliza kabisa, wapo wazee huku hawawezi kufunga vifungo vya shati. Ulaya wana sheria tangu 2002, mfanyakazi haruhusiwi kupita mita 5 kwa sekunde mraba kwa siku ya saa nane, ndo maana kitabu cha mashine makini kinakuandikia kiasi cha mtikisiko mshikio wa kushoto na wa kulia. Kitabu cha hizi zingine kinakuandikia hongera kwa kununua bidhaa bora.

Kuna watakaosema mbona Stihl 070 ya zamani haina mambo hayo yote na inadunda mpaka leo. Kweli, ni muundo wa miaka ya 1960, cc 106, zaidi ya kilo 10 bila baa, haina maajabu ila vyuma vyake ni vyuma. Inadunda kwa sababu kila kitu ndani kimezidishwa unene na kila fundi anaijua. Ila usalama na starehe yake ni ya enzi hizo, mgongo wa kijana ndo unalipa tofauti. Na siku hizi nyingi zinazoitwa 070 sokoni wala sio 070, angalia namba ya mashine kama imegongwa kwenye bodi lenyewe au ni stika, angalia na cheni yake kama viungo vina jina.

Sasa ninachoomba. Huku kwetu vikundi vya vijana vinapata ile mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na vikundi vingi vinaomba chenso na mashine za kufyekea. Wazo zuri sana. Lakini kikundi kinatakiwa kuleta bei, na bei ndogo ndo inapita, hakuna mtu anauliza bodi ni la nini, spea zinapatikana wapi, nani atatengeneza. Mashine inakufa kabla mkopo haujafika nusu, deni linabaki, na vijana wanaitwa wadaiwa sugu wakati walichokopeshwa ni plastiki. Hivyohivyo kwenye tenda za kununua mashine za kufyekea za mashule na zahanati. Kipengele kiongezwe tu kwenye fomu, muuzaji aonyeshe pistoni, ringi, sili, kamba ya kuvutia na kabureta vya hiyo modeli vikiwa dukani kwake siku hiyo, sio ahadi ya kuagiza. Ukiweka hicho kimoja nusu ya hawa wauzaji watapotea wenyewe.

TBS na Tume ya Ushindani najua wanafanya kazi, Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, lakini wakija wanaangalia mashine nzima zilizopangwa juu ya shelfu. Waangalie droo za chini, plagi, cheni, oili ya 2T na silinda. Mashine feki mtu anaweza kuishtukia, plagi feki ya elfu chache inaingia kwenye mashine ya milioni na hakuna anayeishuku.

Na kama kuna afisa manunuzi anasoma hii barua na ana sampuli mezani kwake anataka kusaini, aje nayo gereji kabla hajasaini, bolti nne tu na nusu saa, tutaifungua mbele yake simtozi hela.

Fundi wa mashine ndogo,
Mafinga, Iringa.